Je, matufe ya zege yataizuia bahari isile pwani yetu?

Katibu wa kamati ya wavuvi ya shehia moja baina ya Bwejuu na Makunduchi, Unguja, ameniandikia hivi: "Assalamu alaykum, mhandisi. Bahari inatula. Minazi kumi na mmoja imekwisha kuanguka, na katika bamvua la kusi lililopita maji yalifika ukingoni mwa makaburi ya wazee wetu. Mwenye hoteli jirani ametuletea kampuni inayotaka kushusha matufe 150 ya zege, matupu ndani na yenye matundu, kimo chake mita 1.2, baina ya pwani na mwamba wa matumbawe. Wanasema yatavunja mawimbi, mchanga utarudi na samaki watazidi. Wanataka saini yetu mwezi huu. Tutie saini?"

Waalaykumu ssalaam, ndugu Katibu. Msitie saini bado. Sisemi hivyo kwa kulichukia zege. Nimelifanyia kazi baharini kwa miaka mingi na najua pahala penye manufaa yake. Nasema hivyo kwa sababu katika karatasi zote ulizonitumia sikuiona namba moja ambayo ndiyo inayoamua kila kitu: siku ya bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na maji yakijaa sana, saa kumi za jioni, maji yatakuwa na kina gani juu ya vichwa vya matufe hayo?

Saa ya bahari mnaijua nyinyi kuliko kampuni yoyote. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne au saa tano asubuhi, ndipo kina mama wanapoingia kwenye mwani. Baina ya kujaa huko na kupwa huko, bahari ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4. Ni tofauti kubwa. Pwani nyingi za dunia hazina bahari inayotembea hivyo.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Chukua pahala ambapo maji yakipwa kabisa yanakufika magotini, yaani nusu mita. Weka hapo tufe la mita 1.2. Asubuhi kichwa chake kitakuwa nje, kila mtu atakiona, na picha zitapigwa. Jioni ya siku hiyo hiyo pahala hapo pana maji ya mita 4.5, na juu ya tufe mna zaidi ya mita 3 za maji matupu. Wimbi huvunjika pale kina kinapokaribia kimo chake. Kwa kawaida wimbi la sentimita 80 huanza kupasuka likikuta maji ya mita moja hivi. Likikuta mita 3 litapita juu ya tufe kama halikuliona. Na wimbi gani linalokula makaburi yenu? Ni lile la jioni ya bamvua. Maji yakiwa yamepwa, wimbi haliko hata karibu na mkadi wa kwanza. Kwa hiyo matufe hayo yatafanya kazi saa ambazo pwani haihitaji ulinzi, na saa inayouhitaji yatakuwa yamezama.

Kampuni itakuonyesha picha kutoka kwingine, na huenda ni picha za kweli. Mfano unaotajwa sana ni wa Jamhuri ya Dominika, katika bahari ya Karibi. Mwaka 1998 waliweka kiasi cha matufe 450 aina ya Reef Ball mbele ya hoteli, katika safu tatu, na ufukwe ukapanuka. Lakini kule tofauti ya kujaa na kupwa ni kama sentimita 40 tu. Tufe likiwekwa karibu na uso wa maji asubuhi, jioni bado liko karibu na uso wa maji. Tukiuleta mfano huo Unguja bila ya kubadilisha chochote, tumeleta kanzu iliyoshonwa kwa mtu mwingine.

Utaniuliza: basi tuyainue, yawe marefu zaidi? Inawezekana, na hapo ndipo mambo yanapokuwa mazito.

Tuta lifike karibu na usawa wa maji ya bamvua, huku maji yakipwa libaki wazi kwa mita tatu au zaidi. Huo si mwamba tena, ni ukuta katikati ya bahari. Ngalawa hazipiti. Matumbawe hayatakaa juu yake, kwani tumbawe haliwezi kuchomwa na jua saa kadhaa kila siku likaishi. Na maji yanayosafisha mashamba ya mwani yatabadilika njia. Kuna miji iliyokubali kujenga kuta za namna hiyo kwa sababu haikuwa na pa kwenda. Malé, kule Maldivi, ilizungushiwa kinga ya vipande vya zege vyenye miguu minne baada ya mafuriko ya mwaka 1987, kwa fedha za Japani. Kisiwa kizima ni mji, nyumba zimefika ukingoni. Nyinyi bado mna ardhi nyuma yenu.

Halafu kuna jambo la mikondo, na hili nakuomba ulisome mara mbili kwa sababu ndilo linalosahauliwa na wengi. Wimbi likipita juu ya tuta lililozama huingiza maji ndani. Maji hayo lazima yatoke, na hayawezi kurudi juu ya tuta yakipambana na mawimbi yanayoingia. Yanakwenda ubavuni, sambamba na pwani, hadi yapate upenyo. Wavuvi wenu wanalijua hili bila ya kusomeshwa: ndiyo maana kuna mkondo mkali kwenye mlango wa mwamba maji yanapotoka, na ndiyo maana mtu haachi mtoto aogelee pale. Ukijenga tuta jipya karibu na ufukwe unatengeneza milango mipya, na mkondo wa kila mlango hutoka na mchanga.

Palm Beach, katika jimbo la Florida, Marekani, waliyaona haya kwa macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walishusha vipande zaidi ya 300 vya zege vikaunganishwa kuwa tuta lililozama, refu kupita kilomita moja. Bahati nzuri walikuwa na wapimaji waliofuatilia tangu mwanzo. Mawimbi yalipungua kimo kwa asilimia 5 hadi 15 tu, na mchanga nyuma ya tuta ukaondoka kwa kasi kuliko kabla ya kujengwa. Mwaka 1995 tuta likang'olewa. Na Palm Beach haiko peke yake: mapitio ya kitaalamu ya mwaka 2006, yaliyokusanya miundo ya namna hii kutoka nchi mbalimbali, yaliikuta mingi kati yake ikiwa imesababisha ufukwe wa nyuma yake kuliwa. Ipo pia iliyofanikiwa. Narrowneck, kule Gold Coast, Australia, mwamba wa kutengeneza uliojengwa mwaka 1999 na 2000 kwa magunia makubwa ya mchanga ulisaidia kushika ufukwe, lakini uliambatana na kazi kubwa ya kumwaga mchanga mpya pwani. Mchanga ulikuwepo wa kushikwa.

Kwenu je, mchanga upo? Na unatoka wapi?

Mchanga wa mashariki ya Unguja haukuletwa na mto. Chota kiganjani uutazame vizuri: ni vipande vya matumbawe, vya konokono na kombe, na vya mimea ya baharini yenye chokaa ambayo ikifa huvunjika kuwa chembe nyeupe. Sehemu kubwa husagwa na pono, ambaye hutafuna jiwe la tumbawe apate chakula chake kisha akatoa mchanga. Kwa hiyo mwamba ule unaouona ukitoa povu kwa mbali unakufanyieni kazi mbili kwa pamoja: unavunja mawimbi, na unazaa ufukwe. Utafiti uliojumlisha vipimo vya sehemu nyingi duniani, uliotolewa mwaka 2014, ulionyesha kwamba mwamba wa matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi kwa asilimia 97 kwa wastani, na asilimia 86 inamalizwa pale pale mwamba unapoinuka juu kabisa. Hakuna kampuni inayoweza kukuuzieni kitu kama hicho, na nyinyi mnacho.

Lakini mwamba huo umeumia. Joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi ya magharibi, likarudi mwaka 2016, likarudi tena 2024. Kabla na baada ya hapo kuna juya la kukokota, kuna kuvunja mawe kutafuta pweza kwa chuma, kuna nanga. Mwamba uliokufa haubomoki siku moja. Huliwa kidogo kidogo, hupoteza ukali wa uso wake, na kadiri unavyokuwa laini na kushuka, ndivyo mawimbi ya bamvua yanavyobaki na nguvu zaidi yakifika kwenu. Na bahari nayo inapanda. Wanasayansi wa jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi wamekadiria kwamba usawa wa bahari duniani ulipanda kiasi cha sentimita 20 baina ya 1901 na 2018, na katika miaka ya mwisho ya kipindi hicho ulikuwa ukienda milimita 3.7 kwa mwaka. Tumbawe hai lina uwezo wa kukua kwenda juu pamoja na bahari. Zege halikui.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza unahusu mwamba wenu wa asili kabla ya mwamba wa zege. Kamati yenu ina uwezo wa kufunga sehemu ya mwamba, kama vijiji vingi vilivyokwisha kufanya kwa ajili ya pweza. Ina uwezo wa kukataa juya. Ina uwezo wa kumlinda pono asimalizwe. Ukitaka kujua mwamba uliolindwa unafanana vipi, nenda ukaone kisiwa cha Chumbe, eneo lililohifadhiwa tangu miaka ya 1990, uzame kidogo kisha urudi utazame wa kwenu.

Sababu nyingine ziko nchi kavu, na hapa nitasema wazi ingawa baadhi ya watu hawatapenda. Kwanza, mchanga unaochotwa pwani kwa ajili ya kujengea. Gari moja la ng'ombe halionekani kitu, lakini ufukwe hauna ghala la akiba. Pili, kuta zilizosimama wima mbele ya hoteli. Wimbi likigonga ukuta ulio wima halitulii. Linarudi na nguvu zake na kuchimba mguu wa ukuta, halafu penye mwisho wa ukuta huigeukia ardhi ya jirani. Angalia kama sehemu yenu inayoliwa sana haiko pale ukuta wa jirani unapokoma. Nimeliona hilo pwani nyingi mno kuamini ni sadfa. Tatu, kukwangua kila asubuhi majani ya baharini yaliyotupwa ufukweni ili wageni wapate mchanga mweupe. Majani yale hushika mchanga, na yakizolewa, mchanga huondoka nayo kwenye toroli. Nne, kukata mikadi na ile mitambaazi yenye maua ya zambarau inayotanda juu ya mchanga ili bahari ionekane kutoka barazani. Mwenye hoteli anayetaka kugharimia matufe 150 angeweza kuanza kwa kuacha haya mawili ya mwisho, tena bure.

Lakini kabla hata ya hapo, mmepima? Minazi kumi na mmoja ni ushahidi mzito, sikatai. Ila mchanga wa kwetu una tabia ya kuhama na pepo. Kusi huusukuma upande wa kaskazini, kaskazi huurudisha. Watu wa Nungwi na Kendwa wanajua ufukwe unaonenepa msimu mmoja na kukonda msimu mwingine, na ulimi wa mchanga wa Mnemba haukai pahala pamoja mwaka mzima. Mtu akishusha matufe mwishoni mwa msimu wa kukonda, miezi minne baadaye mchanga utakuwa umerudi wenyewe na yeye atachukua sifa. Mtu mwingine akishusha mwishoni mwa msimu wa kunenepa atalaumiwa kwa kosa la kusi.

Kupima hakuhitaji fedha nyingi. Chomekeni vigingi vya zege ndani ya ardhi, nyuma kabisa pasipofikiwa na maji, viwili viwili ili mstari wa kuelekea baharini ujulikane, katika sehemu sita hivi: mbele ya makaburi, mbele ya hoteli, na pande zote mbili hadi mpakani na jirani. Kila bamvua, maji yakipwa, vijana wapime kwa kamba kutoka kigingi hadi ukingo wa mimea na hadi alama ya maji makuu ya jana yake, waandike katika daftari na wapige picha wakiwa wamesimama pahala pale pale. Fanyeni hivyo kusi moja na kaskazi moja. Mwaka mmoja. Najua mwaka ni mrefu kwa mtu anayeona kaburi la baba yake likisogelewa, na makaburi nitayarudia.

Je, matufe hayana faida yoyote? Yanayo. Zege lenye mashimo, likiwekwa penye maji yasiyokauka, ni nyumba ya samaki. Tasi, changu, chewa na kambakoche watapata maficho, na vijiti vya matumbawe vinaweza kupandikizwa juu yake. Kama mwenye hoteli na kampuni wako tayari kuiita kazi yao nyumba ya samaki, na kuiweka pahala mlipopafunga nyinyi wenyewe, mimi nitaiunga mkono kwa moyo wote. Ninachokataa ni kupewa nyumba ya samaki na kuambiwa ni kinga ya pwani, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayetafuta kinga ya kweli. Mtapaita pahala palipolindwa, na bahari itaendelea kula.

Mkifika hatua hiyo ya kuyaweka, kuna mambo ya ufundi ambayo kamati iyashikilie. Chini pawe jiwe, si mchanga. Miaka mingi nyuma nilisimamia kushusha vipande katika pwani moja ya mchanga. Tulipima mawimbi, tukapima kina, hatukuchimba kujua chini pana nini. Baada ya misimu miwili vilikuwa vimezama hadi nusu, kwani maji yanayozunguka mguu wa kipande huchimba mchanga na kipande hukaa katika shimo lililochimbwa hivyo. Nilivigusa kwa nyayo nikasikia vichwa tu. Kosa lile lilikuwa langu, na fedha zilikuwa za watu.

Uzito nao hudanganya. Zege la ujazo wa mita moja kwa mita moja kwa mita moja lina uzito wa tani 2.4 nchi kavu, lakini likizama baharini hubaki kama tani 1.4, na tufe lililo tupu ndani ni jepesi zaidi. Waulizeni litashikwaje wakati wa kusi. Ndani lisitiwe nondo: chumvi huifikia, nondo hushika kutu, kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Lisitengenezwe hata kidogo kwa mchanga wa pwani yenu, kwani mtakuwa mnachimba ufukwe ili kuuokoa. Liachwe likomae vizuri kabla ya kushushwa, maana zege bichi hutoa ukali wa chokaa unaochelewesha viumbe kuota juu yake. Na mtu akikwambieni atumie matairi ili gharama ipungue, mkumbuke kwamba Florida hiyo hiyo ilitupa takriban matairi milioni 2 baharini mwaka 1972 kwa nia ya kutengeneza mwamba. Kamba zikakatika, matairi yakatembea na kuyagonga matumbawe hai, na kazi ya kuyaokota imechukua miaka na miaka.

Sasa makaburi. Haya hayasubiri mwaka. Kwa urefu wa makaburi peke yake, na si zaidi, wekeni mteremko wa mawe: kwanza ukingo ulazwe usiwe wima, kitandikwe kitambaa kizito cha kuchujia ili maji yapite na mchanga ubaki, juu yake mawe madogo, kisha mawe makubwa yanayobebwa na watu wawili au zaidi, mguu wake ukifukiwa chini ya usawa wa ufukwe wa sasa. Mawe yatoke machimboni nchi kavu, si kwenye mwamba. Mteremko hulichosha wimbi, ukuta hulirudisha. Ncha zote mbili zipindwe kuingia ndani ya ardhi ili maji yasizunguke nyuma. Na bado mjue kwamba ncha hizo zitamla jirani kidogo, kwa hiyo jirani aitwe kikaoni kabla ya jiwe la kwanza. Nyuma ya mteremko pandeni mikadi.

Ombeni pia kikao na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 inataka kazi za namna hii zifanyiwe tathmini ya athari za kimazingira, na tathmini hiyo ni haki yenu kuisoma na kuihoji. Kampuni inayokuja na karatasi ya saini kabla ya tathmini imeanza upande usiofaa.

Katika kikao na kampuni, waulizeni haya, na majibu yaandikwe: vichwa vya matufe vitakuwa na maji kiasi gani bamvua likijaa, maji yatakayoingia nyuma yake yatatokea wapi, nani atapima ufukwe, kwa miaka mingapi, na jirani wa kaskazini atapimiwa pia, njia ya ngalawa itawekwa alama gani usiku, na iwapo ufukwe utaliwa zaidi, nani atakayeyang'oa matufe hayo na fedha yake imewekwa wapi leo. Hilo la mwisho msilegeze. Kushusha tufe kunahitaji mashua na watu wachache. Kuling'oa likiwa limezama nusu mchangani ni kazi nyingine kabisa.

Bamvua lijalo, maji yakipwa, chukua mti wa mita 5 uliochorwa alama kila nusu mita, uusimike imara pale wanapotaka kuweka tufe la kwanza, na ufunge kitambaa chekundu penye mita 1.2 kutoka chini. Kisha saa kumi jioni waite wazee, vijana, kina mama wa mwani, mwenye hoteli na watu wa kampuni, msimame nyote ufukweni mkitafute kitambaa. Niandikie mlichokiona, na unitumie vipimo vya vigingi kila baada ya miezi mitatu. Nitavisoma, inshallah, na nitakuja wakati wa kusi tutazame pamoja.